Kidonge kimoja, miili miwili: Kwa nini dawa ya maumivu inamwinua huyu na kumwangusha yule

NI Jumapili, saa 9:30 alasiri, chini ya mwembe pembeni ya uwanja wa mchangani. Mechi ya mtoano inaanza saa 10:00. Wachezaji wanafunga viatu, kocha anagawa jezi, na mkononi mwa nahodha kuna karatasi ya vidonge vya maumivu iliyonunuliwa duka la dawa la jirani.

“Kamata mbili kaka, enka itatulia tu.”

Beki wa kati mwenye enka iliyovimba anameza mbili. Winga mwenye nyonga inayovuta naye anameza mbili, za karatasi ileile, kwa maji ya chupa ileile. Dakika ya 20 winga anakimbia kama hajawahi kuumia maishani. Beki bado anachechemea, na wakati wa mapumziko anaomba nyingine mbili.

“Hizi dawa feki,” analalamika huku akimeza.

Picha hiyo inajirudia kila wikiendi, kuanzia ndondo za Dar es Salaam hadi viwanja vya vumbi vya mikoani. Inawezekana dawa kweli ni feki. Inawezekana enka ya beki imeumia zaidi kuliko nyonga ya winga. Lakini lipo jibu la tatu ambalo wachezaji wengi hawalijui: miili ya hao wawili haiichakati dawa kwa namna moja. Na beki anapoongeza vidonge viwili vingine bila kujua hilo, anacheza mechi nyingine kabisa, na mpinzani wake ni figo na ini lake mwenyewe.

MASTAA WANAMEZA KWELIKWELI

Usidhani hili ni la mchangani pekee. Kwenye Kombe la Dunia 2010 kule Afrika Kusini, madaktari wa timu zote 32 walitakiwa kuandika dawa walizowapa wachezaji ndani ya saa 72 kabla ya kila mechi. Kitengo cha tiba cha FIFA, kilichokuwa chini ya Profesa Jiri Dvorak, kilipokusanya karatasi hizo kikakuta zaidi ya wachezaji 7 kati ya 10 walitumia dawa ya aina fulani wakati wa michuano. Asilimia 60 walitumia dawa za maumivu walau mara moja. Kali zaidi ni hii: asilimia 39 walipewa dawa ya maumivu kabla ya kila mechi.

Kabla ya kila mechi. Siyo baada ya kupigwa buti, siyo baada ya goti kugoma. Kabla ya filimbi.

Huko chini hali haina nafuu. Mwaka 2020 wanahabari wa Ujerumani waliwauliza wachezaji wa ridhaa zaidi ya 1,000, na karibu nusu yao walisema wanameza dawa za maumivu mara kadhaa kwa msimu. Hao ni watu wasio na mshahara wa mpira, wasio na daktari wa timu, na Jumatatu asubuhi wanaamkia kazini.

Tofauti ni kwamba staa wa Kombe la Dunia anapimwa damu na ana daktari anayejua historia yake. Beki wa mchangani ana nahodha mwenye karatasi ya vidonge.

SAFARI YA KIDONGE

Wengi hufikiri kidonge kikimezwa kinakwenda moja kwa moja kwenye enka. Hapana. Kinayeyuka tumboni na kwenye utumbo, kinaingia kwenye damu, na kabla hakijasambaa mwili mzima kinapitia kwenye ini. Ini ndiyo karakana. Humo kuna vimeng'enya, yaani mafundi wadogo wa mwili, ambao kazi yao ni kukata, kubadili na kufunga dawa ili itoke kwa njia ya mkojo au nyongo.

Kila mtu anarithi mafundi hao kutoka kwa baba na mama. Kuna waliorithi mafundi wenye kasi ya ajabu. Wapo waliorithi wa kawaida, na wapo waliorithi wazembe. Ndiyo maana ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kumeza dawa ileile, mmoja ikaisha mwilini mapema, mwingine ikabaki hadi kesho yake.

Fundi mmoja maarufu ana jina kama namba ya gari: CYP2D6. Anashughulikia karibu robo ya dawa zinazotumika sana duniani, zikiwamo dawa mbili za maumivu zinazofahamika kwa wanamichezo, kodeini na tramadoli.

KODEINI INASUBIRI INI

Kodeini yenyewe ni dhaifu. Ili itulize maumivu vizuri, lazima CYP2D6 aibadilishe sehemu yake ndogo kuwa mofini. Bila fundi huyo, kidonge kinaingia na kutoka na maumivu yako palepale.

Sasa weka wachezaji wawili. Wa kwanza karithi fundi asiyefanya kazi. Kwa watu wa asili ya Ulaya, hali hiyo inawapata kati ya 5 na 10 kwa kila 100. Huyu atameza kodeini na kulalamika kama yule beki: “Hizi dawa feki.” Akiongeza, atapata kichefuchefu na tumbo kufunga, lakini nafuu ataisikia kwa mbali.

Wa pili karithi nakala za ziada za jeni hiyo. Mafundi wake ni wengi na wana kasi kupita kiasi. Kodeini kidogo tu inageuka mofini nyingi kwa muda mfupi. Anasinzia, kichwa kinazunguka, na hali ikiwa mbaya kupumua kunapungua. Kwa mtoto, hiyo inaweza kuwa hatari ya kifo. Ndiyo sababu mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kali dhidi ya kuwapa kodeini watoto waliotoka kufanyiwa upasuaji wa mafindofindo, na mwaka 2017 ikapiga marufuku ya jumla kwa walio chini ya miaka 12, kodeini kwa maumivu na kikohozi, tramadoli kwa maumivu.

Makocha wa akademi na timu za watoto wanatakiwa kulisikia hili mara mbili. Kumpa kijana wa miaka 11 kidonge cha mkubwa “nusu tu” ni kubahatisha na mafundi usiowajua.

AFRIKA SIYO MOJA

Hapa ndipo hadithi inapotugusa moja kwa moja. Vitabu vingi vya dawa vimeandikwa kwa kupima miili ya watu wa Ulaya na Marekani. Lakini watafiti walipokuja Afrika, mambo yalibadilika.

Mwaka 1996, utafiti ulioongozwa na mwanasayansi Eleni Aklillu ulionyesha kuwa karibu Waethiopia 29 kati ya 100 waliopimwa walikuwa na nakala za ziada za jeni ya CYP2D6. Kaskazini mwa Ulaya wenye hali hiyo ni 1 au 2 tu kwa kila 100. Kwa maneno mengine, kikosi cha wachezaji 11 kutoka Addis Ababa kinaweza kuwa na watatu ambao kodeini ya kawaida inaweza kuwazidi nguvu.

Mwaka huohuo, kusini zaidi, timu ya watafiti akiwamo Collen Masimirembwa wa Zimbabwe ilieleza aina nyingine ya jeni hiyohiyo, iliyopewa namba 17, ambayo inapatikana sana kwa Waafrika weusi na inamfanya fundi afanye kazi taratibu. Mwaka 1999 tafiti kwa Watanzania zikachapishwa, nazo zikaonyesha kuwa wengi wa waliopimwa walikuwa na kasi ndogo ya kuchakata dawa ya majaribio inayopita njia hiyo.

Kwa hiyo anayesema “Mwafrika mwili wake mgumu, mwongezee dozi” hajui anachosema. Mwethiopia siyo Mzimbabwe, Mzimbabwe siyo Mtanzania, na hata ndani ya Tanzania wapo wa kasi na wapo wa taratibu kwenye benchi moja. Rangi ya ngozi haikuonyeshi lolote. Jezi ndiyo kabisa.

IBUPROFENI NA WENZAKE

Wachezaji wengi hawamezi kodeini. Wanachokimbilia ni dawa za kupunguza uvimbe: ibuprofeni, diklofenaki, meloksikamu, piroksikamu. Hizi zina fundi wao mwingine, anaitwa CYP2C9. Hapa mchezo ni tofauti. Dawa inaingia ikiwa tayari na nguvu, na kazi ya fundi ni kuiondoa. Fundi akiwa mzembe, dawa inakaa mwilini muda mrefu na inajazana kila unapoongeza.

Mwaka 2020 jopo la kimataifa la wataalamu wa jeni na dawa lilitoa mwongozo kuhusu hilo. Kwa mtu ambaye fundi wake ni mzembe kabisa, waliandika, aanze na robo hadi nusu ya dozi ndogo kabisa ya kuanzia ya ibuprofeni. Piroksikamu wakashauri asipewe, atafutiwe dawa nyingine.

Sababu inaonekana ukitazama saa. Kwa mtu wa kawaida, nusu ya ibuprofeni inatoka kwenye damu ndani ya saa 2 hivi. Piroksikamu inachukua kama saa 50 kupungua kwa nusu. Ukimeza Alhamisi na Ijumaa, Jumapili bado uko nayo. Sasa mtu huyo awe na fundi mzembe, halafu kila siku anaongeza kwa sababu “haijashika”.

Na siyo jeni pekee. Dawa nyingine zinaweza kumfunga fundi mikono. Flukonazoli, dawa ya fangasi inayouzwa kila mahali, inamkwamisha CYP2C9, hivyo ibuprofeni inapanda kwenye damu. Lumefantrini, iliyomo kwenye dawa mseto ya malaria, inaweza kumkwamisha CYP2D6. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume, inawachochea mafundi kadhaa wakimbie zaidi ya kawaida. Mchezaji aliyetoka kumaliza dozi ya malaria juzi siyo yule wa wiki iliyopita, hata kama goti ni lilelile.

FIGO HAZINA MCHEZAJI WA AKIBA

Dawa hizi zinapunguza maumivu kwa kuzuia kemikali zinazoleta uvimbe. Tatizo ni kwamba kemikali hizohizo zina kazi nyingine: zinalinda ukuta wa tumbo, na zinasaidia damu kufika kwenye figo pale mwili unapokaukiwa maji.

Mchezaji anayecheza saa 10 jioni Dar es Salaam, jua kali, jasho linatiririka, anahitaji msaada huo kuliko mtu aliyekaa ofisini. Akimeza vidonge kabla ya mechi, anazima mfumo wa dharura wa figo saa ileile unapohitajika.

Wakimbiaji wa mbio ndefu walishajaribiwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wakimbiaji 89 wa umbali wa kilomita 80 waligawanywa: wengine walipewa ibuprofeni, wengine kidonge kisicho na dawa. Walioonyesha dalili za figo kuumia walikuwa asilimia 52 upande wa ibuprofeni na asilimia 34 upande wa pili. Idadi ya watu ilikuwa ndogo, na mpira siyo mbio za kilomita 80. Lakini hata waliomeza kidonge kisicho na kitu, theluthi moja figo zao zililalamika kwa jasho na uchovu peke yake. Ndiyo maana kuongeza mzigo juu yake si jambo la mzaha.

KLASNIĆ NA AGGER

Mashabiki wa Bundesliga wanamkumbuka Ivan Klasnić, straika wa Croatia aliyebeba mataji mawili na Werder Bremen mwaka 2004. Baadaye ikagundulika figo zake zimekufa. Mwaka 2007 alipandikizwa figo ya mama yake, mwili ukaikataa. Wiki chache baadaye akapewa ya baba yake, ikashika. Mwaka 2008 alikuwa Euro na figo hiyo, akaifunga Poland, kisha akaifunga Uturuki dakika ya 119 ya robo fainali, kabla Uturuki hawajasawazisha na kushinda kwa penalti.

Ni moja ya hadithi tamu za soka, lakini ina upande mchungu. Klasnić aliwashtaki madaktari akidai dalili za figo zilikuwa kwenye vipimo vya damu huku akiendelea kupewa dawa za maumivu. Mwaka 2017 mahakama ya Bremen iliamua alipwe fidia ya euro 100,000. Mwaka huohuo akapandikizwa figo kwa mara ya tatu.

Daniel Agger, beki wa zamani wa Liverpool, hakushtaki mtu. Alijisema mwenyewe. Alistaafu mwaka 2016 akiwa na miaka 31, kisha akaliambia gazeti la kwao Denmark kuwa kwa miaka mingi alimeza dawa za kupunguza uvimbe kuliko inavyotakiwa. Machi 2015, kwenye dabi ya Brøndby dhidi ya FC Copenhagen, alitolewa dakika ya 29 na kuanguka vyumbani. Alitoa siri hiyo, alieleza, ili wengine wajifunze.

Hakuna aliyethibitisha kwamba jeni ndizo zilizowaponza hao wawili. Funzo lao ni jingine: hata kwenye klabu zenye pesa na madaktari, mchezaji anaweza kumeza kwa miaka bila mtu kusimama na kuuliza mwili wake unavumilia kiasi gani.

TRAMADOLI NI KADI NYEKUNDU

Kuna ishu nyingine ambayo wachezaji wa Ligi Kuu na timu za taifa hawaruhusiwi kuisahau. Kuanzia Januari 1, 2024, Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli (WADA) limepiga marufuku tramadoli wakati wa mashindano. Na “wakati wa mashindano” haianzi na filimbi. Inaanza saa 5:59 usiku wa siku moja kabla ya mechi.

Tramadoli nayo inapita kwa CYP2D6, kwa hiyo kasi ya kuibadilisha inatofautiana mtu na mtu. Anayesema “mimi huwa nameza jana yake na haina noma” anaongelea mwili wake, siyo wako. Sindano za kotisoni nazo, hata ile ya ndani ya goti, zimezuiwa wakati wa mashindano tangu Januari 2022. Ibuprofeni, diklofenaki na parasetamoli hazimo kwenye orodha ya marufuku. Lakini kuruhusiwa na WADA hakumaanishi figo zako zimeruhusu.

PANADOL NAYO INA MPAKA

“Mimi natumia Panadol tu, hiyo haina shida.” Kauli hii ipo kila kona. Ni kweli parasetamoli haisumbui figo na tumbo kama zile nyingine. Lakini ini lina hesabu zake. Sehemu kubwa ya dawa inafungwa na kutolewa salama. Sehemu ndogo inageuka sumu, na mwili unaizima kwa akiba maalumu uliyonayo. Mtu ambaye hajala vizuri, au aliyezoea kunywa pombe sana, akiba yake ni ndogo na sumu inayotengenezwa inaweza kuwa nyingi.

Mpaka kwa mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na siyo vyote kwa mpigo. Mtego upo kwenye vidonge vya mchanganyiko. Vingi vinavyouzwa mtaani kwa ajili ya maumivu ya misuli vina diklofenaki na parasetamoli ndani ya kidonge kimoja. Mchezaji anameza hivyo kabla ya mechi, usiku anaongeza Panadol kwa ajili ya kichwa, halafu anashushia na bia za ushindi. Hajui kwamba amehesabiwa parasetamoli mara mbili. Na ini likiumia halipigi kelele siku hiyohiyo. Linaweza kukaa kimya siku moja au mbili kabla macho hayajaanza kuwa ya njano.

MCHEZAJI AFANYEJE?

Kipimo cha jeni bado si kitu cha kukimbilia dirishani kwenye kila hospitali yetu. Lakini kumbukumbu haina gharama. Mchezaji anayejua kwamba kodeini haijawahi kumsaidia, au kwamba kidonge kimoja cha tramadoli kilimlaza kama mgonjwa, ana taarifa ya maana kuliko anavyodhani. Amwambie daktari au mfamasia kabla hajaandikiwa, amtajie na dawa nyingine zote anazotumia, ya fangasi na ya malaria zikiwamo.

Dawa ikigoma, jibu si kuongeza. Ibuprofeni ya kujinunulia bila daktari haitakiwi kupita miligramu 1,200 kwa siku, na haimezwi pamoja na diklofenaki, kwa sababu hizo ni ndugu. Asimeze akiwa amekaukiwa maji, anaharisha au ana homa. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, au ukipungua baada ya mechi, au choo kikiwa cheusi kama lami, hiyo ni safari ya hospitali, siyo ya duka la dawa.

Na kidonge cha kabla ya mechi kwa mtu ambaye hajaumia hakina hoja. Maumivu ni mshika kibendera. Anapoinua bendera, kumfunga macho hakubadilishi kwamba umeotea.

Turudi kwenye mwembe. Kipindi cha pili kinaanza, beki ana vidonge vinne tumboni na chupa ya maji imeisha. Winga anacheka, yeye mbili zimemtosha. Wote wawili wanaamini tofauti yao ni ugumu wa roho. Filimbi inapulizwa, mpira unarushwa, na hakuna aliyemuuliza beki mara ya mwisho kukojoa ilikuwa saa ngapi.